Mwongozo Kamili: Kutengeneza Kifuniko Chepesi cha Nyuma cha Simu kwa Katani na Epoksi

Wasomaji wanaojaribu kutengeneza kifuniko cha simu kwa katani hunitumia picha za aina tatu. Kifuniko kilichojikunja. Kifuniko ambacho bado kinanata wiki nzima baada ya kumiminwa. Na kifuniko kizuri cha kupendeza ambacho, simu ikishavishwa, betri inachemka. Yote matatu yana dawa, na hakuna hata moja linalotibiwa kwa kuongeza gundi.

Mwongozo huu ni wa mtu aliye na simu nzima lakini kioo cha nyuma kimepasuka, na anataka kukibadilisha kwa kitu chepesi kisichovunjika. Sehemu kubwa ya hewa ya kaboni inayosababishwa na simu hutoka kiwandani, hasa kwenye chipu na saketi, si kwenye kifuniko. Kwa hiyo ukipunguza gramu chache tu, mazingira hayajui tofauti. Faida ya kweli iko katika kuifanya simu hiyo hiyo iishi miaka mingine miwili au mitatu, na hilo linawezekana tu kama kifuniko chako kitafunguka siku ya kubadilisha betri. Kila hatua hapa chini nimeipima kwa swali hilo.

## Vifaa

Kwa bamba moja la milimita 200 kwa 120, ambalo linatosha simu kubwa na kubaki na vipande vya majaribio:

- Nyuzi za katani zisizosokotwa, gramu 20. Utatumia kama 10.5, nyingine hupotea kwenye kuchana.
- Epoksi, gundi ya maji maji ya sehemu mbili, A (yenyewe) na B (ya kuigandisha), pamoja na karatasi ya maelezo ya mtengenezaji.
- Mizani ya dijitali inayosoma angalau sehemu ya kumi ya gramu. Ile ya masonara ni bora zaidi.
- Vioo viwili vya dirisha vya milimita 6, ukubwa wa 300 kwa 200, vilivyosuguliwa kingo.
- Mbao mbili za plaiwudi za ukubwa huo, na klampu nne.
- Vipande vinne vyembamba vya chuma vyenye unene wa milimita 1 kamili.
- Nta ya kung'arisha magari isiyo na silikoni.
- Kostiki soda, siki, karatasi za kupimia asidi, beseni la plastiki.
- Kipimajoto, balbu ya kulelea vifaranga, sanduku la bati.
- Msumeno mwembamba wa kukatia maumbo, tupa ndogo, msasa wa namba 120, 240 na 400.
- Glavu za nitrili, miwani ya kinga, barakoa ya vumbi.
- Mkanda mwembamba wa gundi ya pande mbili, ule wa mafundi simu.

Katani usiinunue ikiwa kamba. Kamba imesokotwa, mara nyingine imepakwa mafuta, na kuifungua ni adhabu. Soko la Kariokor, Nairobi, utapata nyuzi za kufumia viondo, lakini nyingi zimetiwa rangi au zimeshasokotwa. Pa uhakika ni maduka yanayouzia mafundi wa jipsamu: wao huchanganya katani mbichi kwenye urembo wa dari, kwa hiyo inauzwa ikiwa mashada marefu, safi, na bei haiumi. Mkanda, bisibisi ndogo na vibapa vya plastiki vya kufungulia simu viko barabara ya Luthuli, Nairobi.

Onyo moja la ununuzi. Usishawishike kuchukua resini ya poliesta wanayotumia waunda bodi za faibaglasi kwa sababu ni nafuu. Husinyaa zaidi ya epoksi inapoganda, na mvuke wake si wa kuvutwa chumbani. Vifuniko vingi vilivyopinda nilivyoonyeshwa vilianzia dukani.

## Kwa nini katani, na si kitu kingine

Chukua bamba la kifuniko la milimita 160 kwa 75, unene wa milimita 1. Kwa kioo litakuwa na gramu 30 hivi, kwa alumini 32, kwa titani 54, kwa magnesi 21. Kwa katani na epoksi ni kama gramu 15, sawa na plastiki ya polikaboneti lakini gumu zaidi kupinda. Vifuniko vya kioo vya kiwandani huwa vyembamba kuliko milimita 1, kwa hiyo usitarajie simu yako ipungue gramu 15 kamili.

Nyuzi za kaboni ni imara kupita zote kwa uzito wake, lakini zinapitisha umeme. Kitu kinachopitisha umeme kikifunika antena kinaziba mawimbi, ndiyo maana simu za alumini zilikuwa na mistari ya plastiki mgongoni. Katani haipitishi umeme ikiwa kavu. Mtandao unapita, na chaji isiyo na waya inapita.

## Hatua ya 1: Ondoa kifuniko cha zamani na uchukue umbo lake

Shusha chaji hadi chini ya asilimia 25, kisha zima simu. Betri yenye chaji ndogo ikijeruhiwa hutoa moto mdogo kuliko iliyojaa.

Pasha kingo za kifuniko kwa mashine ya kukaushia nywele hadi ziwe moto kiasi cha kushikika kwa shida. Ingiza kibapa cha plastiki, zunguka polepole. Kisu, wembe na bisibisi bapa haviruhusiwi hapa, kwa sababu betri imelala milimita chache tu chini yake. Bandika seloteipu juu ya kioo kilichopasuka kabla ya kuanza, ili vipande visikurukie machoni.

Ukikuta betri imevimba, acha. Kifuniko si tatizo lako tena, tafuta betri mpya kwanza.

Chunguza upande wa ndani wa kifuniko. Kama kuna karatasi nyeusi inayong'aa, hiyo ni grafiti ya kusambaza joto: ibandue taratibu na uihifadhi, tutaihitaji. Pete ya kamera na kioo chake pia vihifadhi. Kama kitambuzi cha alama ya kidole kiko mgongoni na kimeungwa kwa waya bapa, chagua simu nyingine kwa jaribio la kwanza.

Chora umbo kwenye karatasi ngumu, pamoja na tundu la kamera na la taa. Umefaulu ukiweka karatasi hiyo mgongoni mwa simu na kuona kingo zinalingana pande zote. Mbinu hii inafaa migongo bapa. Migongo iliyopinda kingo inahitaji kalibu, na hiyo ni kazi nyingine.

## Hatua ya 2: Osha, tibu na kausha katani

Katani inakuja na nta ya mmea na vumbi, na epoksi haishiki vizuri juu ya nta. Ndiyo maana tunaitibu kwa kostiki.

Pima lita moja ya maji ndani ya beseni la plastiki, kisha nyunyiza gramu 50 za kostiki ndani ya maji huku ukikoroga kwa kijiti. Kostiki inaingia kwenye maji. Maji hayamwagwi juu ya kostiki, yataruka na kuunguza uso. Sufuria ya alumini ni marufuku, kwani kostiki huila na kutoa haidrojeni. Vaa glavu na miwani, hata kama fundi jirani anakucheka.

Loweka katani saa mbili. Isuuze mara nyingi kwa maji safi, kisha mara moja kwa maji yenye siki kidogo, kisha maji safi tena. Karatasi ya kupimia ikionyesha maji hayana asidi wala kostiki, tosha.

Kukausha ndiko watu wengi wanakoharibu. Nyuzi zikionekana kavu bado zina maji ndani, maana katani hufyonza unyevu hewani. Msimu wa mvua za masika, katani iliyoachwa usiku kucha jikoni Eastlands si kavu hata kama inakwaruza. Anika juani siku nzima, kisha itie kwenye ovini ya joto la nyuzi 80 hadi 100 za Selsiasi kwa saa mbili. Pima. Rudisha nusu saa. Pima tena. Uzito ukiacha kushuka, maji yamekwisha. Ifunge kwenye mfuko mara moja na uitumie siku hiyo hiyo.

Umefaulu ukiona nyuzi zimekuwa nyeupe zaidi, zinaachana zenyewe, na mizani inasoma namba ile ile mara mbili mfululizo. Zikigeuka kahawia ovini ilikuwa kali mno, na nguvu imepotea.

## Hatua ya 3: Panga tabaka tatu, si mbili

Hapa ndipo kujikunja kunapoanzia, na hapa nitakaa.

Nyuzi hazisinyai kwa urefu wake, lakini epoksi inasinyaa inapoganda na inapopoa. Kwa hiyo tabaka lenye nyuzi zilizolala upande mmoja husinyaa kidogo kuelekea urefu wa nyuzi, na husinyaa zaidi kwa kukatiza. Ukiweka tabaka mbili tu, moja kwa urefu wa simu na jingine kwa upana, kila moja linavuta kwake na hakuna wa kusawazisha. Bamba linatoka limekunja pembe kama chapati iliyosahaulika juu ya tawa. Watu huongeza uzito juu yake, huliacha siku nyingine mbili, linanyooka, na likitolewa linajikunja tena. Litajikunja daima, kwa sababu mvutano uko ndani.

Dawa ni ulinganifu. Lazima upande wa juu wa bamba uwe sawa kabisa na upande wa chini. Pima gramu 10.4 za katani iliyochanwa, kisha igawe hivi:

- Tabaka la chini: gramu 2.6, nyuzi za milimita 200, kwa urefu.
- Tabaka la kati: gramu 5.2, nyuzi za milimita 120, kwa upana.
- Tabaka la juu: gramu 2.6, nyuzi za milimita 200, kwa urefu.

Tabaka za nje zinalala kwa urefu kwa sababu simu mfukoni hupinda kwa urefu, na nyuzi zilizo mbali na katikati ndizo zinazobeba mzigo wa kupinda.

Chana katani kwa kichana cha meno mapana hadi ilale sambamba. Tandaza kila tabaka juu ya karatasi na ulitazame dhidi ya dirisha: mwanga upenye kwa usawa. Penye giza pana nyuzi nyingi mno, penye mwanga mkali patabaki epoksi tupu, na epoksi tupu ndiyo inayopasuka. Usiharakishe. Saa moja ya kutandaza vizuri ina faida kuliko klampu kumi.

Kama bamba lako linaonekana jembamba, usiongeze tabaka la nne upande mmoja. Tumia vipande vya chuma vinene zaidi na uongeze nyuzi kwa uwiano ule ule. Unene una nguvu ya ajabu: bamba likiongezeka unene mara mbili, ugumu wake wa kupinda huongezeka mara nane. Kwa hiyo milimita 1.2 badala ya 1 ni tofauti utakayoihisi mkononi, lakini hakikisha kamera haitazama ndani.

## Hatua ya 4: Pima na changanya epoksi

Bamba hili linahitaji gramu 19 hivi. Changanya 30, kwa sababu nyingine itabaki kwenye kikombe na kufinywa pembeni.

Uwiano wa A na B uko kwenye karatasi ya mtengenezaji. Angalia kama umeandikwa kwa uzito au kwa ujazo, maana namba hizo mara nyingi hazilingani. Kuongeza B ili igande haraka ni imani potofu: kila sehemu ya B ina sehemu yake ya A, na B iliyobaki bila mwenzake hukaa ndani ya bamba ikinata. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya vifuniko vinavyonata. Ya pili ni baridi. Asubuhi ya Julai Nairobi hushuka hadi nyuzi kumi na kidogo, na epoksi nyingi hulala tu chini ya nyuzi 15. Fanya kazi adhuhuri, na uweke chupa zote mbili kwenye maji ya uvuguvugu robo saa kabla ya kupima, zikiwa zimefungwa.

Koroga dakika tatu kwa kijiti bapa, ukikwangua pembeni na chini ya kikombe. Fungua madirisha. Ikikugusa ngozi, osha kwa sabuni na maji, si thina, kwa sababu thina huipeleka ndani zaidi. Mzio wa epoksi ukishakuanza haukuachi.

## Hatua ya 5: Jaza na ubane

Paka nta kwenye vioo vyote mara tatu, ukisubiri ikauke na kuing'arisha kila mara. Ukipaka mara moja, kioo na kifuniko vitafunga ndoa.

Mimina epoksi kidogo juu ya kioo, laza tabaka la kwanza, ligonge kwa brashi fupi hadi nyuzi zibadilike kutoka nyeupe hadi kama zimelowa maji. Usizipake kwa kuvuta, utaharibu mpangilio. Endelea na la pili na la tatu. Weka vipande vinne vya chuma pembezoni, shusha kioo cha pili kuanzia upande mmoja ili hewa itokee upande wa pili, weka plaiwudi juu na chini, kisha kaza klampu kidogo kidogo kwa mshazari hadi vioo viguse chuma.

Umefaulu epoksi ikitoka pande zote nne, na kupitia kingo za kioo huoni mapovu meupe makubwa kuliko kichwa cha pini.

## Hatua ya 6: Gandisha mara mbili

Acha saa 24 ndani ya klampu. Baada ya hapo bamba litaonekana limeiva, na wengi hulikata hapo. Subiri. Epoksi iliyoganda kwa joto la chumbani huanza kulegea kwenye nyuzi 50 au 60, na simu iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari juani hufika huko.

Weka vioo pamoja na bamba ndani ya sanduku la bati lenye balbu ya vifaranga. Pandisha hadi nyuzi 40 kwa saa mbili, kisha 60 kwa saa nne, halafu zima na uache vipoe vyenyewe. Karatasi ya mtengenezaji ikisema tofauti, ifuate hiyo. Balbu isiguse chochote, sanduku lisiwe la katoni, na usitoke nyumbani. Stima ikipotea katikati, hakuna hasara, anza upya ikirudi.

Umefaulu ukucha ukishindwa kuacha alama, bamba likigongwa likitoa sauti kavu, na likilazwa juu ya kioo safi karatasi isipite chini ya pembe yoyote.

## Hatua ya 7: Kata, na uzibe kingo

Bandika umbo lako la karatasi, kata milimita moja nje ya mstari, malizia kwa tupa na msasa wenye maji. Maji huzuia vumbi, lakini barakoa bado ivaliwe. Tundu la kamera litoboe dogo kisha ulipanue kwa tupa. Kausha bamba vizuri ukimaliza.

Kila mahali ulipokata, ncha za nyuzi zimebaki wazi, na kila ncha ni mrija wa kunyonya maji. Paka epoksi nyembamba kingo zote pamoja na ndani ya tundu la kamera, mara mbili. Hatua hii huchukua dakika kumi, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Chukua vipande viwili vya mabaki, kimoja kilichozibwa na kimoja wazi. Vipime, vitumbukize majini saa 24, vifute, vipime tena. Kilichozibwa kikiongeza zaidi ya sehemu 2 kati ya 100 za uzito wake, rudia kuziba kabla ya kugusa simu.

## Hatua ya 8: Funga kwa namna inayofunguka

Hamisha pete ya kamera na ile grafiti. Bandika mkanda wa gundi ya pande mbili kwenye kingo peke yake, upana wa milimita 2. Gundi ya chupa inayoganda milele itafanya kifuniko chako kizuri kuwa adui wa fundi wa betri. Tangu Juni 20, 2025, simu mpya zinazouzwa Umoja wa Ulaya zinatakiwa kuwa na vipuri kwa miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa, na simu ya Fairphone 5 hufunguliwa mgongo kwa ukucha. Haifai sisi tubaki nyuma ya viwanda.

Kinga ya maji iliyokuwa kwenye simu imeondoka ulipoifungua. Usiitumie bafuni.

## Hatua ya 9: Pima mtandao na joto

Mtandao: ingia Mipangilio, Kuhusu simu, Hali ya SIM. Utaona namba hasi ya nguvu ya mawimbi. Iliyo karibu na sifuri ndiyo bora, kwa hiyo -85 inashinda -100. Soma mara kadhaa mahali pamoja, kifuniko kikiwepo na kisipokuwepo. Tofauti ya namba chache huja na kwenda yenyewe. Ukipoteza 10 au zaidi kila mara, kifuniko bado kina unyevu, au kuna kitu cha chuma umekiacha ndani.

Joto: hapa mkono unadanganya. Katani na epoksi hupitisha joto kidogo sana kuliko kioo, kwa hiyo mgongo unaweza kuhisiwa baridi huku betri ikiungua ndani. Tumia programu inayoonyesha joto la betri yenyewe. Chaji simu huku ikicheza video nusu saa, na uangalie. Ikikaribia nyuzi 45, chomoa. Mara nyingi sababu ni grafiti iliyosahaulika au kubandikwa ikiwa na mikunjo. Kama simu yako haikuwa nayo, ongeza karatasi moja nyembamba ya grafiti juu ya eneo la chipu, mbali na antena na koili ya chaji, kwa sababu grafiti nayo inapitisha umeme.

## Kuhusu plastiki badala ya epoksi

Epoksi ikiganda haiyeyuki tena, na hilo ni doa la njia hii. Ukitaka kifuniko kinachoweza kuyeyushwa upya, tumia plastiki ya namba 5, ile ya makopo ya maziwa lala. Huyeyuka kwenye nyuzi 160 hadi 170, na katani huanza kuungua ikipita 200, kwa hiyo una nafasi finyu ya kubania kati ya viwango hivyo viwili vya joto. Plastiki hiyo haiipendi katani, na bamba hutoka dhaifu kuliko la epoksi. Ijaribu ukishamudu hii, na kamwe si juu ya jiko la makaa.

## Mabaki

A na B zilizobaki chupani zikiharibika, zichanganye kwa uwiano, ziache zigande nje ya nyumba kwa kiasi kidogo kidogo, ndipo uzitupe. Zikiwa maji maji hazimwagwi kwenye sinki. Maji ya kostiki yazimue kwa siki hadi karatasi ikubali. Betri iliyochoka ibandike seloteipu kwenye ncha za shaba, iweke peke yake kwenye kopo kavu, na uipeleke kwa wanaopokea taka za kielektroniki kama WEEE Centre hapa Nairobi.